Chama cha Mbwa wa Aina Yake

Jumatatu, 3 Machi

Nimekasirika mpaka nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia. Sare ya mtoto wa watu. Nimefumua, nimeshona tena.

Sababu ni Mwenye Nyumba. Amekuja asubuhi, akasimama katikati ya uwanja wetu wa nyuma kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani, akatangaza sheria mpya. Mbwa mwenye chama atabaki. Mbwa koko aondoke kabla ya Jumatatu ijayo jioni. Alipofika kwenye "koko" akamtazama Meneja. Hakuwa na haja ya kumtazama. Hapa kwetu, vyumba vya nyuma na nyumba kubwa ya mbele vikiwekwa pamoja, kuna mbwa wawili tu, na mwingine ana chama.

Kosa la Meneja ni kula kandambili ya Mwenye Nyumba. Ya kushoto. Nayo ilikuwa imeshakatika ukanda, niliiona mwenyewe. Nikamwambia Meneja kamsaidia tu kuitupa. Hakucheka. Akafufua na habari ya lile shimo ambalo Meneja alichimba chini ya geti la nyumba kubwa. Shimo la mwezi wa kwanza, na sasa ni mwezi wa tatu. Halafu shimo lenyewe dogo, mimi nisingepitisha hata mguu. Nikamkumbusha kuwa nililiziba siku ileile kwa tofali, na kwamba Meneja alikuwa anafukuza panya.

Meneja si wangu, ni wa binti yangu. Binti yangu ni fundi wa lifti. Naandika tena taratibu ili lisomeke: fundi wa lifti, mwanamke pekee katika kampuni nzima. Wakubwa wote wa mji anakofanya kazi wanapanda na kushuka kwa mikono ya mwanangu, niliyemnyonyesha mimi. Ndiyo maana mtaa mzima unaniita Mama Lifti. Siku anaondoka kwenda kazini hakuniomba kitu kingine. Alisema tu, Mama, nitunzie Meneja. Anakuja likizo Jumatatu ijayo. Siku hiyohiyo. Aje akute kamba tupu?

Nimempigia simu jioni. Nimemwambia Meneja hajambo na anajiunga na chama. Akauliza chama gani. Nikamwambia salio limekwisha.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda nyumba kubwa kwa Mkaguzi, mpangaji wa mbele. Huyu alikuwa mkaguzi wa shule. Amestaafu, lakini kustaafu hakujamfikia: ukimpa chai anakagua kikombe. Ndiye mwenyekiti wa Chama cha Mbwa Wachungaji, na mbwa wake jike, Malkia, hutembezwa kila jioni kana kwamba barabara ilijengwa kwa ajili yake.

Nilivaa gauni langu la kwendea harusi. Meneja nilimwogesha kwa sabuni yangu mwenyewe. Nikapiga hodi kwa adabu, nikasema nimeleta mwanachama mpya.

Meneja hakuruhusiwa kuvuka geti. Mimi nilipewa stuli. Mkaguzi akaketi kwenye kiti cha mikono, akaniambia kwamba chama chake kina historia na malengo. Nikadhani ni maneno ya kunifukuza kwa upole. Kumbe alikuwa anaanza kunieleza. Chama kilianzishwa na mabwana watatu waliojikinga mvua mahali pamoja, kila mmoja na mbwa wake, wakaona mbwa wote wanafanana. Basi. Hiyo ndiyo historia. Mimi niliwahi kukutana na wanawake wawili kwenye sherehe, tumevaa kitambaa kimoja sote watatu. Hatukuanzisha kitu. Tulinuniana mpaka mwisho.

Kisha malengo. Kulinda usafi wa ukoo, kuboresha tabia, kuelimisha jamii. Nikamwambia Meneja ana malengo hayohayo, ila hajapata nafasi. Mkaguzi akavua miwani akaniuliza, baba yake nani?

Baba yake nani. Mtu mzima mwenye mvi, anauliza hivyo na mtoto mwenyewe anasikia getini. Nikamjibu kwamba mimi sikulelewa kuuliza watu maswali kama hayo. Akasema kama baba hajulikani basi jibu linajulikana, ni koko.

Akaona haitoshi. Akaniambia Malkia ana mimba na atazaa siku yoyote, na mume wake aliletwa kwa gari kutoka mbali, mwenye medali. Akanionyesha picha ya huyo mume. Amekaa kwenye kiti cha mto. Mbwa yuko kwenye kiti cha mto, na mimi niko kwenye stuli.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya ushindi.

Wazo ni la Mama Mkaa, rafiki yangu anayeuza mkaa ng'ambo ya barabara. Alisema Mkaguzi si msomi wa mbwa, ni msomi wa kuta za shule. Twende kwa daktari wa mifugo. Tukaenda. Daktari ni kijana mpole, mikono misafi, hajaoa, nimeuliza. Nikamsimulia habari za binti yangu na lifti. Akasikiliza vizuri sana, mpaka wenye kuku wakaanza kulalamika foleni haisogei.

Akampima Meneja. Akalitazama sikio la kulia lililosimama na la kushoto lililolala. Akautazama mguu wa mbele wa kushoto, mweupe peke yake, kama aliyevaa soksi moja akakosa mwenzake. Akautazama mkia uliojikunja kama mshikio wa kikombe. Meneja naye, kwa kuona anaheshimiwa, akala pamba ya daktari. Bunda zima. Daktari akacheka mpaka akashika meza. Akasema, Mama, mbwa huyu ni wa aina yake.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Wa aina yake kabisa, akasema, tangu nianze kazi sijaona.

Mama Mkaa ni shahidi. Mtu mwenye koti jeupe ametamka. Mbwa wa Mkaguzi ni wa aina ya Wachungaji, aina ya watu wengi, kila mtu anayo. Meneja ni wa aina yake. Aina Yake. Hata ukilitaja jina lenyewe unasikia uzito. Na aina bila chama ni kama sare bila nembo.

Kwa hiyo chama kimeanzishwa leo, kwenye kibaraza changu, kati ya cherehani na ndoo. Mwenyekiti ni mimi. Makamu ni Mama Mkaa. Alikataa, nikamteua.

Alhamisi, 6 Machi

Sikushona hata pindo moja. Nimeandika historia na malengo. Mwandiko wangu ulisifiwa tangu darasa la nne, na niliishia la sita, kwa hiyo hakuna aliyepata muda wa kuuharibu.

Historia ilinisumbua kidogo kwa sababu chama kilianza jana. Mwishowe nikaandika kwamba Chama cha Mbwa wa Aina Yake ni chama cha siku nyingi ambacho hakikupenda makuu. Kwamba mbwa wa Aina Yake walikuwepo tangu zamani, ila watambuzi walikuwa wanatazama kwingine. Kwamba mlezi wa chama ni fundi wa lifti. Mama Mkaa akasema lifti haihusiani na mbwa. Nikamwambia ndiyo maana yeye ni makamu.

Malengo ni matatu. Kwanza, mbwa wa Aina Yake asihamishwe. Pili, asiitwe koko na mtu yeyote, hasa mtu mmoja. Tatu, kuelimisha jamii. Hilo la tatu nimelichukua kwa Mkaguzi, lakini kwake lilikuwa limekaa bure.

Kisha sifa za aina. Nikachukua tepu yangu ya kupimia nguo, nikampima Meneja kama ninavyopima wateja. Kola, kifua, urefu wa mkono. Tulipofika kiunoni tukakosa kiuno. Meneja ana upana mmoja mwanzo mpaka mwisho, kama mto wa kulalia. Nikaandika: kiuno cha heshima. Sikio moja juu, moja chini. Soksi nyeupe moja, mguu wa mbele wa kushoto. Mkia wa kikombe. Asiye na hivyo si wa Aina Yake.

Jioni nikampelekea Mwenye Nyumba. Akasoma mara mbili, nikaona anaanza kukubali. Kisha akauliza chama kina mbwa wangapi. Nikasema mmoja kwa sasa. Akasema chama cha mbwa mmoja si chama, ni mbwa. Nilete wa pili wa aina hiyohiyo, atakuja kumwona Jumamosi.

Mtu aliyerithi nyumba kwa baba yake anataka kunifundisha maana ya chama.

Ijumaa, 7 Machi

Nimezunguka tangu asubuhi na tepu shingoni. Nyuma ya machinjio, kwenye jalala la hospitali, kituo cha mabasi. Wenye sikio hawana soksi. Wenye soksi wamevaa mbili, kuna mmoja kavaa zote nne. Mmoja alikuwa na kila kitu, nikamkaribia kwa furaha. Alikuwa mbuzi.

Nimerudi miguu inawaka. Mama Mkaa kaniletea maji, na mbwa wake Popo kamfuata nyuma. Popo ni mweusi tii, maana analala kwenye magunia ya mkaa. Masikio yote juu. Nikamtazama. Mama Mkaa akaniona ninavyomtazama, akasema, Mama Lifti, hapana.

Nikamwambia fundi hasemi hapana. Nguo ikija kubwa tunapunguza, ikija ndogo tunaongeza. Popo ni kitambaa kizuri, anahitaji marekebisho kidogo tu.

Soksi ni chaki yangu ya kuchorea vitambaa, ile nyeupe. Mama Mkaa alimshika mguu, mimi nikapaka. Sikio nimelitia uzito kwa kifungo cha koti, nimekifunga kwa uzi kwenye manyoya ya ndani. Likalala vizuri sana. Mkia kaukunja mwenyewe kwa hiari. Nilirudi nyuma hatua kadhaa nikamtazama, nikaona machozi yananilenga. Ni kama mapacha.

Jumamosi, 8 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Mwenye Nyumba hakuja peke yake. Alikuja na Mkaguzi, eti mtaalamu. Sijui nani alimpa utaalamu wa chama changu. Meneja na Popo walikaa pamoja kwenye kibaraza kama watoto wa picha ya shule. Mwenye Nyumba akasema ni kweli wanafanana. Mkaguzi akainama. Akapitisha kidole kwenye soksi ya Popo, akakinusa. Akasema amekaa na chaki miaka thelathini, na hii ni chaki.

Nikasema ni unga wa viroboto. Kabla sijamaliza, Popo akaanza kulamba mguu. Alilamba soksi yote. Ulimi ukawa mweupe, mguu ukawa mweusi. Nikasema ndivyo walivyo, soksi huhama. Nadhani tungefika mahali. Lakini Popo akatikisa kichwa kwa ile ladha, uzi ukakatika, na kifungo cha koti kikaruka kikagonga miwani ya Mwenye Nyumba.

Sikio likasimama. Kisha Mkaguzi akaokota kifungo, akanikabidhi kwa mikono miwili, kama anayetoa zawadi kwa mwanafunzi wa mwisho. Akaniambia, Mama Lifti, hongera kwa juhudi.

Juhudi. Nimeshona sare za nusu ya mtaa huu, huyu ananipa alama za juhudi.

Mwenye Nyumba amesema keshokutwa analeta kamba.

Binti yangu kapiga simu. Kamnunulia Meneja mkanda mpya wa shingoni. Aliuliza namba ya kola, nikamtajia bila kutazama popote. Sikuweza kusema jingine. Nikamwambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Jumapili, 9 Machi

Leo Mungu ameshona mwenyewe.

Asubuhi pikipiki ya daktari wa mifugo ilisimama kwa Mkaguzi. Malkia anazaa. Nilitegemea kusikia majigambo mpaka barabarani. Badala yake madirisha yakafungwa, mapazia yakateremshwa. Nikasema labda mambo ni mazito. Nina hasira na Mkaguzi, lakini uzazi ni uzazi. Nikachukua mfuko wangu wa vipande vya vitambaa safi, nikaenda.

Mkaguzi akafungua geti upana wa pua. Akasema wote wazima, wamelala, asante, kwaheri. Sauti ya daktari ikatoka ndani inaomba vitambaa vikavu, tena haraka. Nikainua mfuko. Ilibidi geti lifunguke.

Malkia alikuwa kwenye boksi pale barazani, amechoka, maskini, anatazama ukuta. Watoto watano wananyonya. Nikainama kuwakausha. Wa kwanza, mguu wa mbele wa kushoto mweupe. Nikadhani ni maziwa. Nikafuta. Haukufutika. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu. Soksi moja moja, wote watano. Na vimkia vyao, vidogo kama vidole, vimejikunja kama mishikio ya vikombe vya wanasesere.

Daktari alikuwa anatazama dari. Mkaguzi akasema yule mume mwenye medali ana weupe kidogo upande wa bibi. Mimi nilikuwa nalitazama geti, pale chini, kwenye tofali langu la mwezi wa kwanza.

Panya, kumbe.

Nilikuwa na mengi ya kusema na nafasi nzuri ya kuyasema. Nikamtazama Mkaguzi. Alikuwa ameketi kwenye stuli ileile, mikono magotini, kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Nilitoa tepu, nikaanza kupima.

Jumatatu, 10 Machi

Alfajiri Mkaguzi alikuwa kwenye kibaraza changu, kofia mkononi. Nikampa kiti, mimi nikakaa kwenye stuli, ili aone watu wanavyokaribisha watu. Akasema chama chake kikiwaona wale watoto, Malkia atafutwa uanachama na wao hawatapokelewa. Bila chama ni koko, na koko hapa hakai. Akaifinyanga kofia mpaka ikapoteza umbo. Kumbe anampenda yule mbwa. Nilidhani anaipenda medali tu. Akauliza kama chama changu kinapokea wanachama.

Nikamwambia kitakaa kikao. Nikanywa chai kidogo. Kikao kikaisha, amepokelewa.

Mwenye Nyumba akafika na kamba kama alivyoahidi. Mkaguzi akasimama mbele yake na historia yangu mkononi, akaisoma kwa sauti ya kukagulia shule. Chama cha siku nyingi ambacho hakikupenda makuu. Nilivyoandika mimi ni vizuri, lakini alivyosoma yeye, nusura niamini. Akaeleza kuwa aina hii ni adimu na kwamba kuzaliwa kwa watano kwa mpigo ni heshima kwa mwenye nyumba yoyote. Mwenye Nyumba akaenda kuwaona. Akahesabu soksi. Akauliza vipi habari ya chaki. Mkaguzi, bila kupepesa, akasema juzi alikosea, uzee.

Kamba imerudi ilikotoka. Meneja hakuhama. Lengo la kwanza limetimia.

Saa kumi binti yangu akashuka kwenye basi na sanduku lake la spana. Meneja alimwona kutoka mbali, akavunja ndoo na kumrukia, wakaanguka wote wawili chini. Mtu mzima, fundi wa lifti, analia kwenye vumbi na ulimi wa mbwa usoni. Niliuokota mkanda mpya wa shingoni uliomdondoka, nikamvalisha Meneja. Kola ilikuwa sawasawa.

Usiku nilimsimulia yote. Alicheka mpaka akaomba maji. Akasema, Mama, daktari akisema ni wa aina yake, ana maana ni kituko, hakuna mwingine kama yeye duniani. Nikamwambia kama hakuna mwingine, hao watano wa barazani ni nini? Akajimiminia maji mengine. Kasoma sana, mwanangu. Lakini ghorofa za juu bado ni za mama yake.

Jumamosi, 15 Machi

Mkutano mkuu wa kwanza. Mkaguzi ndiye katibu. Ameyanyoosha malengo: lengo la kwanza sasa ni kulinda usafi wa ukoo. Mwanzoni nilisita, kisha nikaona ni kweli, ukoo wenyewe umeshakuwa mkubwa. Daktari alikuja kama mgeni rasmi. Nilimkalisha karibu na binti yangu, nikaondoa viti vingine.

Kandambili ya kulia ya Mwenye Nyumba haionekani. Chama kimetoa tamko kwamba huenda ni panya.

Jambo moja tu limeniudhi. Mama Mkaa anataka kupanga chumba kilicho wazi hapa kwetu, karibu na bomba, na sheria ya Mwenye Nyumba bado ipo. Akaja mbele ya mkutano kuomba Popo apokelewe chamani. Mbele ya katibu wangu, mbele ya daktari. Popo, masikio yote juu, hana hata soksi moja.

Ni rafiki yangu, nampenda, lakini urafiki una mahali pake. Nikampa stuli. Nikamweleza taratibu kwamba chama kina historia na malengo. Nikamuuliza, baba yake nani?

Hakukasirika. Akasimama, akajikung'uta mkaa, akasema hana tatizo na uamuzi wa chama, anaomba tu nimwazime ile chaki.

Chaki yangu. Nimeshangaa sana. Sijui watu wanapata wapi ujasiri wa udanganyifu wa namna hii.